Picha ya "mji mpya" imebandikwa ofisi ya kijiji, tunaambiwa mpango umeshapita. Umepita wapi?

#1 Mnazi_Mkinda

Wadau habari za jioni. Uzi ni mrefu kidogo, nivumilieni. Wenye kujua mipango miji na sheria za ardhi naombeni msaada, na wenye kuja kutania korosho subirini msimu ufunguliwe.

Kwetu ni Mtwara, upande wa Msimbati, halmashauri ya wilaya na si manispaa. Kijiji sikitaji. Mimi natafuta riziki Dar, ila mama, mjomba na shamba wako huko. Wiki mbili zilizopita mama kanipigia, anaongea kwa chini kama mtu aliye msibani: "Baba, njoo. Watu wa ramani wamefika mpaka kwenye mikorosho ya bibi yako."

Nikapanda basi. Kesho yake asubuhi nikaenda ofisi ya kijiji. Ukutani, juu ya kalenda ya chama cha msingi, kuna picha kubwa imepigwa lamini: bahari ya bluu, barabara za mviringo, hoteli, viwanja vya makazi, shule, kituo cha mabasi na uwanja wa gofu. Kichwa chake: MPANGO KABAMBE WA MJI WA KISASA. Shamba letu limeangukia kwenye gofu. Nikamweleza mama kwamba gofu ni mchezo wa kupiga kimpira kidogo kiingie shimoni. Akanitazama. "Shimo moja linataka ekari zote hizo?"

Kampuni ni ya wazawa wakishirikiana na wageni, jina nalihifadhi. Walikuja na gari mbili, wakaitisha watu, wakaeleza, wakasema mpango umeshapita na kilichobaki ni wathamini kuhesabu mali. Mjomba akauliza umepita wapi. Akajibiwa umepita juu.

Kilichonikosesha usingizi ni karatasi. Siku ile watu walisaini "mahudhurio". Mtendaji ni kijana wetu, akanionyesha jalada. Kurasa nne za majina, namba za simu, sahihi, na dole gumba za wino wa zambarau kwa wazee. Ukurasa wa kwanza juu kuna nafasi tupu, vidole vitatu hivi. Hakuna kichwa cha habari wala tarehe. Mjomba ni namba 41. Anasema alisaini kwa sababu soda zilikuwa zinatolewa kwa kufuata orodha.

Ninachouliza: mpango kabambe "unapitaje"? Nani anaupitisha? Na zile sahihi zinaweza kugeuzwa zikawa kitu kingine?

#2 Kitangari_Boy

Soda ilikuwa ya baridi lakini?

#3 Dalali_Shangani

Mleta uzi, usije ukawa wale wasomi wa Dar wanaorudi kijijini kuzuia maendeleo halafu wanapanda basi wanaondoka. Eneo hilo limekaa miaka na miaka na minazi iliyozeeka. Akija mtu na barabara, umeme na maji, mnauliza amepita wapi. Mimi nauza viwanja mjini, naijua thamani ya ardhi iliyopangwa. Shamba lisilopimwa unauza kwa bei ya mbuzi, likipangwa na kupimwa kiwanja kimoja tu kinalipa shamba zima. Kubalini, dai fidia nzuri, maisha yaendelee.

#4 Mnazi_Mkinda

Dalali, sijakataa mji. Nakataa kuambiwa "umepita juu" kama ndege.

Na hiyo hesabu yako mbona inakwenda upande mmoja? Shamba wanachukua kwa bei ya mbuzi, kiwanja wanauza wao.

#5 Mchoraji_Mstaafu

Nimekaa kwenye mipango miji zaidi ya miaka 30, sasa nalima ufuta Nachingwea. Nitaeleza taratibu, maana hapa watu wanachanganya madawa.

Kwanza achana na picha. Swali la kwanza ni ardhi hiyo iko kundi gani. Sheria zetu za 1999 zimegawa ardhi mafungu matatu: ya jumla, ya hifadhi na ya kijiji. Ya kijiji ina sheria yake, Na. 5 ya 1999, na msimamizi wake ni halmashauri ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji, kama mdhamini. Mwenyekiti hana shamba la kumgawia mwekezaji, na mtendaji ndiyo kabisa.

Kampuni ikitaka kujenga mji hapo, ardhi lazima kwanza ihawilishwe, itoke kijijini iwe ya jumla. Mwenye mamlaka ya kuhawilisha ni Rais, kwa manufaa ya umma. Waziri anatangaza kusudio kwenye Gazeti la Serikali na tangazo linaletwa kijijini, likieleza eneo lilipo, mipaka yake na sababu. Zisipungue siku 90 toka tangazo litoke ndipo uhawilishaji ufanyike. Na kifungu kile kile cha 4 kinasema haufanyiki mpaka aina ya fidia, kiasi, namna na wakati wa kulipa viwe vimekubaliwa. Kwa hiyo anayekwambia kilichobaki ni uthamini tu, muulize tangazo liko wapi, namba gani, tarehe ngapi.

Ardhi ikishakuwa ya jumla ndipo Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya 2007 inaingia kazini. Waziri anatangaza eneo la mipango miji. Mamlaka ya upangaji ni halmashauri. Kampuni haina mamlaka hayo. Inaweza kumlipa mpangamiji aliyesajiliwa akachora, lakini mchoro unapita kwa halmashauri, wadau wanaitwa, pingamizi zinasikilizwa, na mwisho unaidhinishwa wizarani. Mpango kabambe ni ule mkubwa: huku makazi, huku viwanda, barabara kuu zipite hapa, kwa miaka 20 hivi. Chini yake ndipo unapata mchoro wa kina wenye viwanja na namba. Halafu upimaji, nao una idhini yake. Halafu umilikishaji. Halafu kibali cha uendelezaji na cha ujenzi.

Mchoro ulioidhinishwa una namba, mihuri, sahihi za wenye mamlaka, kipimio na mshale wa kaskazini. Mleta uzi, hebu rudi ukaiangalie hiyo picha vizuri. Ina namba? Inasema hekta ngapi?

#6 Mkorosho77

Mzee hapa umetoa darasa. Mimi nilidhani mpango kabambe ni neno la kampeni.

#7 Babu_wa_Karanga

Vijana, kusini hatujaanza leo kuchorewa. Mwaka 1947 Waingereza walichora mradi wa karanga, ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika, na Nachingwea ikiwamo. Bandari ya Mtwara ilijengwa kwa ajili hiyo, reli ikalazwa mpaka Nachingwea, na mji wa Mtwara ukapangwa na barabara pana kama uwanja wa mpira. Mwaka 1951 mradi umekufa, na miaka ya 60 mwanzoni reli ikang'olewa. Mikindani, mji wa watu wenyewe, haikuchorwa na mtu na bado ipo. Ndiyo maana mgeni akija Mtwara anauliza: barabara pana hivi, magari yako wapi?

#8 Kitangari_Boy

Babu umetoka nje ya mada ila umetoka vizuri.

#9 Mnazi_Mkinda

Nimetuma mtoto wa mjomba, kapiga picha kwa simu. @Mchoraji_Mstaafu: namba hakuna, muhuri hakuna, mshale wa kaskazini upo ila unaelekea baharini (huku kwetu hapo bahari iko mashariki). Chini kona ya kulia kumeandikwa "Hekta 247, awamu ya kwanza". Pembeni kuna eneo jingine limepakwa rangi hafifu ya njano, halina maelezo zaidi ya neno "upanuzi". Kwa macho ni karibu ukubwa ule ule.

#10 Mchoraji_Mstaafu

Hekta 247!

Haya, kaa kitako. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inaweka mstari kwenye hekta 250, yaani kama ekari 618. Eneo likiwa hekta 250 au pungufu, mwenye kuidhinisha au kukataa, kabla Rais hajahawilisha, ni mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, linakwenda kwa Waziri, ambaye anasikiliza mapendekezo ya kijiji kisha anaamua. Sasa hesabu. Awamu ya kwanza 247. Awamu ya pili, hiyo njano ya kuficha uso, nayo karibu hiyo hiyo. Mradi mmoja wa karibu hekta 500 umekatwa vipande viwili, kila kipande kimeinama kidogo chini ya mstari.

Sisemi ni kosa la jinai. Nasema mtu aliyechagua 247 aliisoma sheria kuliko mlivyoisoma nyinyi. Na kama uamuzi uko kwa mkutano mkuu wa kijiji, kinachohitajika ni kitu gani? Muhtasari wa mkutano ulioambatishwa sahihi za wanakijiji. Zile kurasa nne zenye nafasi tupu juu.

#11 Mnazi_Mkinda

Mzee nimesimama wima hapa sebuleni.

#12 Mkorosho77

Vidole vitatu. Panaingia sentensi nzima pale: "Sisi wanakijiji tumeridhia..."

#13 Dalali_Shangani

Mnajaza watu hofu. Inawezekana kabisa waliishiwa karatasi yenye kichwa. Lakini sawa, hapo kwenye 247 hata mimi nimekohoa.

#14 Binti_Rasbura

Nawasalimu kutoka Lindi. Mimi nizungumzie fidia, maana sisi tuna jirani zetu wa Likong'o, Mto Mkavu na Masasi ya Leo. Eneo la mradi wa gesi asilia kimiminika, zaidi ya hekta 2,000, lilichukuliwa, TPDC (shirika la mafuta la taifa) ikapata hati, na watu wakakaa miaka wakisubiri. Fidia imekuja kulipwa 2020. Huo ni mradi wa taifa na serikali iko nyuma yake. Fikiria kampuni ya soda.

Kusubiri kwenyewe ndiko kunakoumiza. Mtu akishahesabiwa anaambiwa usipande mazao ya kudumu, usiongeze chumba. Mkorosho ukizeeka humpandi mwenzake. Bati likitoboka unaweka sufuria. Unaishi kwako kama mpangaji.

Sasa kuna Sheria ya Uthamini ya 2016: fidia ikikaa zaidi ya miezi 6 baada ya kuidhinishwa, inaanza kula riba, na ikipita miaka 2 haijalipwa ule uthamini unakufa, mnahesabiwa upya. Wathamini wakija shikeni tarehe hizo kama mnavyoshika stakabadhi za mnada.

Na msikubali kuhesabiwa miti tu. Kuna thamani ya ardhi yenyewe, nyumba na mazao, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya pango ya miezi 36 kwa anayehamishwa nyumba, faida iliyopotea kwa mwenye biashara, na usafiri wa mizigo tani 12 kwa umbali wa kilomita 20.

#15 Kitangari_Boy

Tani 12? Mama yangu mali yake yote inaingia kwenye guta moja na jogoo juu.

#16 Binti_Rasbura

Ndiyo haki yake sasa. Aipokee.

#17 Mnazi_Mkinda

Dada Binti, asante. Nina jambo nalo linanikaba. Chini ya mkorosho mkubwa, ule wanaouita wa kengele kwa sababu zamani ulikuwa na rimu ya gari ya kugonga watoto waende shule, kuna makaburi matano. Bibi yumo. Mpima kaweka alama ya rangi nyekundu kwenye shina, na kigingi hatua mbili toka kichwani kwa bibi. Kwenye picha pale kuna kibendera cha gofu.

Na jingine: sisi ardhi inafuata upande wa mama. Mwenye kauli ni mjomba, lakini anayelima miaka 40 ni mama. Wathamini watamwandika nani?

#18 Wakili_Mnazini

Makaburi yana sheria yake, ya kuhamisha makaburi ya 1969. Kuhamisha kuna taratibu na gharama, na inabebwa na anayetaka ardhi. Mwambieni mthamini ayaandike kwenye fomu siku hiyo hiyo, idadi na majina. Yasipoandikwa yatageuka "mawe yaliyokutwa".

Kuhusu jina: wajadiliane nyumbani kabla mthamini hajafika, waandike makubaliano ya ukoo, mtendaji ashuhudie. Mjomba kwa ardhi na mama kwa mazao aliyopanda yeye, au wote wawili kwa pamoja, ni nyinyi. Nimeona ukoo ukigawanyika kwa sababu ya hundi moja yenye jina moja.

Kuna watu wanaamini mtu wa kimila hana chake mpaka apate hati. Si kweli. Mahakama ya Rufani mwaka 1994, kesi ya Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na hata pasipokuwa na jengo, jasho lililotumika kuiandaa ardhi linastahili fidia ya haki. Shamba la bibi yako lina jasho la kutosha.

Mkifika pabaya, baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, haliamui. Mkitaka kuishitaki halmashauri ni notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu anaunganishwa, na kesi inakwenda Mahakama Kuu. Ni safari ndefu na ya gharama. Ndiyo maana nawaambia pambaneni kwenye muhtasari, ni bei rahisi.

#19 Mchoraji_Mstaafu

Naongeza mambo mawili nipumzike.

Umesema upande wa Msimbati. Sehemu kubwa ya huko imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Vijiji vimo ndani kihalali, lakini ujenzi una masharti ya hifadhi. Mchoro wowote wa kitaalamu ungeonyesha mpaka huo. Halafu hizo hoteli ziko umbali gani toka maji? Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ufukwe. Na mradi wa ukubwa huo hauanzi bila cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira kupitia NEMC (baraza la taifa la mazingira), ambapo wataalamu lazima waje wawasikilize. Hawakuja? Basi haujapita popote.

La pili, na hili Dalali alisikie. Ardhi ikishahawilishwa, hairudi kijijini kwa sababu mradi umekufa. Inabaki ya jumla. Kwa hiyo swali si mnapewa ngapi kwa ekari tu. Ni kwamba wakishindwa, kama wale wa karanga wa Babu, hilo gofu litakuwa la nani?

#20 Babu_wa_Karanga

Ahsante mwanangu, sikuwa nje ya mada.

#21 Dalali_Shangani

Nakubali hoja. Basi waombe ubia: ardhi ipangwe, ipimwe, na wenye mashamba wabaki na sehemu ya viwanja. Huku mjini makampuni ya upimaji yanafanya hivyo, mwenye shamba anabaki na zaidi ya nusu. Si lazima uondoke na hela ya pikipiki.

#22 Mnazi_Mkinda (mrejesho, siku 9 baadaye)

Wadau nimerudi. Nilikwenda ofisi ya ardhi ya wilaya na barua ya kijiji yenye muhuri, si kwa mdomo. Dada mmoja kafungua kabati, kafungua kompyuta, kanijibu kwa maandishi: hakuna mchoro ulioidhinishwa kwa kijiji hicho wala tangazo la uhawilishaji. Maombi ya kampuni yapo, yamepokelewa. Yaani wamepita mapokezi.

Jumapili ukaitishwa mkutano mkuu wa kijiji wa kweli, tangazo likabandikwa wiki nzima kabla, agenda moja. Watu walijaa chini ya mwembe mpaka wengine wakapanda kwenye mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Mtendaji akasoma barua ya wilaya. Kelele. Kuna waliotaka picha ichanwe. Kuna waliosema na wao wamechoka umaskini, iachwe, kampuni iitwe. Mama akasimama, ambaye sijawahi kumsikia mkutanoni, akasema yeye hakatai watu kupiga kimpira, aambiwe tu wapi pa kupalilia kaburi la mama yake.

Ikakubaliwa kampuni iandikiwe ije na mchoro wa maeneo yote mawili kwa pamoja, pamoja na ile njano. Kamati ya watu saba imechaguliwa, wanawake watatu. Makaburi yanaandikwa wiki hii.

Halafu zile kurasa nne zikaletwa mezani. Mwenyekiti akamkabidhi mjomba kalamu, kwa sababu mwandiko wake ni wa shule ya wamisionari. Mjomba akavuta kiti, akavaa miwani, na pale juu penye vidole vitatu akaandika polepole, watu wakimsomea kwa sauti kila neno: "Mahudhurio ya mkutano wa kuonyeshwa picha. Hakuna kilichoamuliwa." Akaweka tarehe ya siku ile ya soda. Mtendaji akagonga muhuri ukurasa hadi ukurasa, na tendo lenyewe likaingizwa kwenye muhtasari.

Picha bado iko ukutani. Watoto sasa shamba letu wanaliita Gofu.

Kuna mtu anamfahamu mpangamiji aliyesajiliwa hapa Mtwara au Masasi atakayekaa na kamati siku moja kwa bei ya kijiji? Aje PM. Nauli na wali wa samaki vipo.